Bagamoyo, Unguja, Kilwa: mwongozo kamili wa safari ya kikundi kwenye ngome, makanisa makuu na misikiti ya kale

Kila ninapoandaa safari hii watu huniuliza kwanza bei, kisha siku ngapi. Hakuna anayeniuliza mwezi angani utakuwa umefikia wapi, na hilo ndilo swali ambalo ningependa liulizwe kabla ya mengine yote. Nitalijibu mbele kidogo.

Njia yenyewe ni ya siku nane, kuanzia na kuishia Dar es Salaam: siku mbili Bagamoyo, tatu Unguja, tatu Kilwa. Wengi hushauri kwenda kwa mpangilio wa umri, yaani uanze Kilwa kwa sababu ndiyo kongwe. Mimi naipanga kinyume, na nina sababu. Bagamoyo na Unguja zinasimulia habari moja inayofuatana, ya utumwa na ya waliofungua minyororo. Ni habari nzito. Ukiimalizia hapo, watu wanarudi nyumbani wakidhani pwani yetu haina jingine la kukumbukwa. Kilwa inakuja mwisho ili waone kwamba karne kadhaa kabla ya soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, watu wa hapa walikuwa wanajenga kuba kwa matumbawe na kugonga sarafu zao wenyewe.

Hatua ya kwanza: kundi

Msizidi watu ishirini na watano. Idadi hiyo inaingia kwenye Coaster moja na inagawanyika vizuri kwenye boti mbili za Kilwa, na mwongoza wageni akisema kwa sauti ya kawaida wote wanamsikia. Tuliwahi kwenda thelathini na nane. Nusu ya watu hawakusikia neno kwenye magofu ya Kaole, Bagamoyo, wakabaki kupiga picha.

Gawaneni kazi mapema. Awepo kiongozi, mhazini asiyekuwa ndugu wa kiongozi, mtu wa dawa, na mshika saa. Huyu wa mwisho msimdharau, maana kazi yake ni moja tu: kuwaambia watu "tunaondoka" na kutosikiliza maombi ya dakika tano. Kila mzee apangiwe kijana mmoja, wajulishwe kwa majina kabla ya siku ya safari, na kijana aelewe kwamba mzigo wa mzee ni wake.

Kundi la mchanganyiko wa Waislamu na Wakristo ndilo zuri kuliko yote kwa njia hii. Msikitini Kizimkazi Mkristo anaonyeshwa na mwenzake pa kuacha viatu, na kanisani Mkunazini Mwislamu anaelezwa altare ni nini. Mwongoza wageni hawezi kuyafanya hayo kwa upole ule wa jirani.

Hatua ya pili: tarehe

Sasa mwezi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi unapoandama, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo makundi mengi hupenda kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu. Matokeo yake boti inasimama mbali na watu wanatembea kwenye tope. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, yanajaa kwenye saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo siku yako ya Kisiwani.

Hesabu ni rahisi. Ondokeni Dar tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, siku ya saba ya safari itaangukia maji mafu. Mkikosea kwa siku mbili si neno. Thibitisheni kwa nahodha wa Kilwa kwa simu, naye atawapa saa kamili.

Halafu kalenda ya ibada. Ondokeni Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo. Jumapili mtakuwa Bagamoyo, Wakatoliki wasali misa pale pale misheni. Jumatatu na Jumanne mko Unguja, makanisa na misikiti haina msongamano. Ijumaa mko Kilwa, Waislamu wasali huko. Epukeni mwezi wa Ramadhani, kwa sababu Unguja ni shida kupata mahali pa kula mchana na si haki kuwatembeza watu waliofunga juani. Epukeni pia masika, Machi hadi Mei. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika na watu wakalala njiani. Juni hadi Septemba ni pakavu, ila upepo wa kusi hutikisa boti ya Unguja. Januari na Februari bahari ni tulivu zaidi lakini joto ni kali. Kama mna wazee wengi ningechagua Julai na kuwapa tangawizi.

Hatua ya tatu: fedha na vibali

Kusanyeni kidogo kidogo kwa miezi sita, kwa simu, kwenye namba ya kikundi, na mhazini atume taarifa kila mwisho wa mwezi hata kama hakuna kilichoongezeka. Mafungu ni haya: gari na mafuta, boti ya Unguja kwenda na kurudi, malazi ya usiku saba, chakula, viingilio na waongoza wageni, boti za Kilwa, na fungu la dharura lisilopungua sehemu ya kumi ya jumla. La dharura lisiguswe kwa soda.

Raia hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, ila lazima mtu aonyeshe kitambulisho. Kila mmoja abebe cha NIDA, au pasipoti kama si Mtanzania, kwa kuwa bandarini pia kitaulizwa. Kibali cha Kilwa Kisiwani hutolewa Kilwa Masoko, bara, kabla ya kupanda boti. Magofu yale siku hizi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Ombeni namba hiyo siku moja kabla, mtandao ukisumbua asubuhi mtapitwa na saa ya maji kujaa.

Hatua ya nne: mavazi na mzigo

Mwanamke kanga mbili, moja ya kiuno na moja ya kichwa. Mwanaume suruali ndefu, na kofia kama anayo. Viatu vya kuvuliwa kwa haraka. Kwa Kilwa kila mtu awe na yeboyebo, kandambili zinanasa kwenye tope na kukatika. Begi moja dogo la mgongoni, na mfuko wa plastiki mgumu wa kuhifadhi simu na dawa. Mengine mnajua wenyewe.

Siku ya kwanza na ya pili: Kaole na misheni ya Bagamoyo

Kutoka Dar ni kama kilomita sabini, ila foleni ya Tegeta na Bunju inaweza kula asubuhi yote. Tokeni saa kumi na mbili. Nendeni moja kwa moja Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji, kabla jua halijakaza.

Kaole ni magofu ya misikiti miwili na makaburi ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Wapeni watu nafasi watafute wenyewe kibla, wapime kwa macho ilivyo ndogo, wagundue kwamba jengo zima lilitosha watu wachache tu. Bahari ilikuwa karibu. Sasa mikoko imejaa mbele. Na kuna kaburi ambalo watu bado huja kuliombea dua, utakuta vitambaa na ubani. Hapo hapapigwi picha ya mtu akiwa kwenye dua yake. Lisemeni hilo garini, kabla ya kushuka.

Jioni pumzikeni. Jumapili, baada ya misa, ndiyo siku ya misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mbuyu wanaosema ulipandwa mwaka huohuo bado upo. Uzungukeni polepole mpaka upande wenye mnyororo: shina limeumeza, kimebaki kipande kifupi tu cha chuma kikichungulia kwenye gome. Watoto huweka kidole hapo. Hakuna aliyewahi kuwafundisha, wanakiweka tu.

Kisha nendeni kwenye mnara wa kanisa la kwanza, wa mwaka 1872. Simameni hapo kwa muda, maana habari ya Unguja inaanzia hapa. David Livingstone alifariki Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, akiwamo Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi pwani kwa miezi tisa hivi. Februari 1874 mwili ule ulilazwa katika mnara huu kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Ninapofika hapa siwaachi watu waende bila kuyataja majina ya Susi na Chuma kwa sauti. Jina la waliyembeba kila mtu analijua.

Boma la Wajerumani na Ngome Kongwe ya Bagamoyo mtaziona kwa kupita mkirudi Dar. Ngome ile ilianza kama nyumba ya tajiri Mwarabu, kwenye miaka ya 1860. Inatosha nusu saa.

Siku ya tatu hadi ya tano: Unguja

Fikeni bandarini saa moja na zaidi kabla ya boti. Wenye kichefuchefu wakae chini na nyuma, wasikae mbele, wasisome simu. Safari ni kama saa mbili.

Mchana wa kwanza msiupakie mambo mengi. Ngome Kongwe iko hatua chache kutoka ufukweni: Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na vipande vya kanisa lile vimo ndani ya ukuta. Mwambieni mwongoza wageni awaonyeshe, wengi huwapitisha watu hapo haraka kuwahi vinyago. Kisha mwende Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890. Mara nyingi mlango mkubwa umefungwa. Msigonge gonge, zungukeni nyuma, piga hodi, salimu, eleza ninyi ni akina nani.

Siku ya nne asubuhi nendeni Kizimkazi Dimbani, saa moja ya gari kusini. Ukiuona msikiti kwa nje utadhani umepotea njia, ni nyumba ya kawaida yenye bati. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana katika pwani hii. Msikiti unatumika hadi leo. Kiongozi atangulie peke yake, amsalimu imamu au mzee aliyepo, aombe ruhusa kwa kundi zima, aulize wanawake waingie kwa utaratibu gani. Ingieni watu wanane wanane. Toeni sadaka kwa mkono wa mzee wenu, kimya. Mkisikia adhana, tokeni, wanaosali wabaki.

Mchana rudini mjini kwa ajili ya Mkunazini, na hapa msiwe na haraka hata kidogo.

Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya uwanja wa mnada. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kuanza kutafsiri Biblia, ndiye aliyesimamia ujenzi. Anzeni nje, kwenye shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Shukeni kwenye vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni, lakini mwenye pumu au shinikizo la damu asiingie: dari iko chini sana, hewa nzito. Maonyesho ya picha na maelezo yaliyo pale yanastahili saa nzima, wasomaji wazuri wawasomee wazee.

Halafu ndani ya kanisa. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, linaloonyesha mahali palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nyuma ya altare amezikwa Steere, aliyefariki 1882. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini. Mafundi walizipindua Steere akiwa hayupo, naye akaziacha hivyo. Na ukutani kuna msalaba mdogo wa mbao, mweusi, ambao mtu hupita bila kuuona. Mbao zake zinatoka kwenye ule mti wa Chitambo, uliozikwa moyo wa Livingstone chini yake.

Safari yetu ya pili tulikuwa na mama mmoja wa Tandika, mfanyabiashara wa dagaa. Bagamoyo alikuwa amechoka, hakusikiliza sana. Alipoelezwa habari ya msalaba ule aliuliza, "Kwa hiyo wale vijana waliombeba, huu mti waliuacha kule, na wenyewe ukawafuata?" Akaketi kwenye benchi la karibu, hakutoka mpaka mshika saa alipokuja kumchukua. Ndiyo maana nasisitiza Bagamoyo itangulie. Ukigeuza mpangilio, msalaba ule unabaki kipande cha mti.

Siku ya tano rudini Dar kwa boti ya asubuhi, mlale mapema.

Siku ya sita hadi ya nane: Kilwa

Kilomita kama mia tatu. Tokeni alfajiri kupitia Mbagala na Kibiti, mvuke Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, hadi Nangurukuru ambako mtakunja kushoto kwenda Masoko. Coaster hutumia saa sita hivi pamoja na kusimama. Mkifika, kiongozi na mhazini waende moja kwa moja ofisini kumaliza kibali, na wakakutane na nahodha ana kwa ana. Waangalie boti. Kila mtu awe na jaketi la kuokoa uhai lenye mikanda inayofungika. Lisilofungika ni mto wa kukalia tu. Asiyekuwa na majaketi ya kutosha, tafuteni mwingine.

Hili nalisema kwa uchungu. Safari yetu ya kwanza tulivuka siku ya mwezi mpevu, saa nne, kwa sababu hatukuuliza. Tulikuwa tumepanga pia Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu. Boti ilikwama mbali na mikoko, tukashuka kwenye tope la magoti, na mzee mmoja wa miaka sitini na kitu akateguka goti. Alibebwa mgongoni kwenda na kurudi. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kwa hiyo siku ya saba pandeni boti saa moja na nusu, maji yakiwa yanapanda. Mkishuka Kisiwani salimuni kijiji kwanza, wazee "shikamoo", pitieni kwa mwenyeji. Watu wanaishi pale, magofu yako katikati ya mashamba na nyumba zao.

Ngome mnayoiona kwanza ufukweni ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapa 1505, mwaka walioushambulia na kuupora mji. Iliyosimama sasa kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa baadaye. Iangalieni dakika ishirini, mwende Msikiti Mkuu wakati bado pana kivuli.

Sehemu ya kaskazini ya msikiti ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12. Ile kubwa yenye kuba iliongezwa baadaye, ikaanguka, ikajengwa tena. Simama katikati ya nguzo, tazama juu, kisha gusa ukuta kwa kiganja chote. Utaona alama za viumbe vya bahari ndani ya jiwe, maana ni tumbawe lililokatwa, likaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye tumbawe hilohilo. Upande wa kutawadha kuna mawe ya kusugulia nyayo. Vueni viatu hapa pia. Hapasaliwi tena kila siku, lakini ni msikiti.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo kwa miguu, juu ya jabali linalotazama bahari. Ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika 1331. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea lenye pembe nane, ambalo bado linaonekana wazi. Fedha yake ilitokana na dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, iliyopita bandarini hapa. Wazee wasioweza kutembea wabaki kijijini na mwenyeji, wanywe madafu. Msiwalazimishe na msiwaonee huruma kwa sauti. Wengine wabebe maji ya kutosha, huko hakuna duka.

Njiani mtaona vigae vya vyungu na vipande vya kauri vimetapakaa ardhini. Visiokotwe hata kimoja. Mshika saa na kiongozi waangalie mifuko ya watoto kwa upole kabla ya boti.

Songo Mnara iachieni kundi la vijana wenye siku ya ziada. Ni mbali zaidi na kushuka kwake ni kwenye mikoko hata maji yakiwa mazuri. Ninyi rudini Masoko kabla ya saa sita, watu wawahi sala ya Ijumaa. Jioni, kwa wenye nguvu, kuna Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 ulioshamiri kwa biashara ya watumwa na baadaye kukaliwa na Wajerumani. Nyumba zake za milango ya nakshi zinabomoka mwaka hadi mwaka, nendeni mzione.

Siku ya nane mhazini asome hesabu ndani ya gari, shilingi kwa shilingi, kabla ya kufika Daraja la Mkapa, wakati watu wote bado wapo. Kilichobaki kwenye fungu la dharura kirudishwe kwa wenyewe hapo hapo kwa simu.